Rum, Kisiwa Kilichofanywa Pori

Magharibi ya Uskoti, mkabala na bandari ndogo ya Mallaig, kuna visiwa vinne viitwavyo kwa pamoja Visiwa Vidogo: Rum, Eigg, Muck na Canna. Rum ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho hakizidi sana kilomita za mraba 105. Unguja ingeweza kukimeza mara kumi na tano. Wakaaji wake ni watu wapatao 40, na karibu wote wanaishi Kinloch, kijiji kilichojibanza kwenye ghuba ya upande wa mashariki. Kwingine kote ni milima, mabonde yaliyolowa maji, nyasi ngumu za rangi ya kahawia, mvua na upepo. Wanaokisifu kisiwa hiki hupenda kusema kwamba ni kipande cha dunia ya kale ambacho mkono wa mtu haujakigusa. Sifa hiyo inavutia lakini si ya kweli, na anayeiamini hataelewa nusu ya atakachokiona huko. Pori la Rum lina umri unaojulikana, na lina watu waliolileta. Wanyama wake, na hata vibanda ambamo wageni hujihifadhi usiku, ni kurasa za habari hiyo hiyo moja.

Yapo, bila shaka, mambo ambayo hayakungoja binadamu. Milima ya kusini mwa kisiwa ni mabaki ya volkano iliyowaka miaka milioni 60 hivi iliyopita, na mvua na barafu vimeikwangua hadi tumbo lake likawa wazi. Kwenye mlima Hallival, mawe magumu na mawe laini yamepangana tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa laini huliwa upesi na hali ya hewa, ubavu wa mlima umekuwa mfano wa ngazi. Jirani yake, Askival, ndicho kilele cha kisiwa: mita 812. Mtu wa Uluguru ataona hicho ni kilima tu, lakini Askival huanzia kwenye maji ya chumvi, na mpandaji hulipia kila mita kwa miguu yake mwenyewe. Majina ya milima hii, Askival, Hallival, Ainshval, Trollabhal, yaliachwa na Waviking waliotawala bahari hizi zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mwisho wa kila jina ni neno lao la mlima. Trollabhal ni mlima wa mazimwi. Inasimuliwa kwamba mabaharia hao walisikia usiku vilio vikitoka chini ya ardhi, wakaamua kwamba mlima una wenyewe.

Wenyewe hao ni ndege. Jina lake kwa Kiingereza ni Manx shearwater: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye uzito usiofika nusu kilo. Inakadiriwa kwamba jozi zaidi ya 100,000 huzaliana Rum, na kuna makoloni machache mno duniani yanayoweza kulinganishwa na hilo. Cha ajabu ni mahali wanapochagua. Ndege huyu wa bahari hupanda karibu na vilele, akachimba shimo kwenye udongo laini, akataga yai moja tu ndani yake. Miguu yake imekaa nyuma mno hata hawezi kutembea sawasawa. Nchi kavu hujikokota kwa kifua. Kwa sababu hiyo hathubutu kurudi mchana, maana shakwe wakubwa wangemrarua. Huja giza likishaingia, na ndipo mlima mzima hulipuka kwa sauti za kukoroma na kulia, aliye nje akimwita aliye shimoni. Kinyesi chao, kilichomwagwa mahali pamoja kwa karne nyingi, kimeotesha huko juu majani mabichi mafupi kama zulia, wakati mabonde ya chini yana nyasi kavu zisizo na nguvu. Hesabu ya kawaida ya rutuba imegeuzwa: hapa mbolea imetoka baharini ikapelekwa juu ya mlima kwa mabawa. Msimu ukiisha, ndege hao huvuka Atlantiki kwenda kumaliza kipupwe cha kaskazini kwenye bahari ya Brazili na Argentina.

Lakini ukishuka kutoka kwenye zulia hilo hadi ufuoni Harris, kusini-magharibi, utakuta rutuba ya aina nyingine. Mteremko mzima umechorwa mistari: ni matuta. Mkulima yeyote wa mihogo au viazi vitamu angeyatambua bila kuambiwa. Wanakijiji waliinua udongo huu haba kwa jembe la mkono, wakaulisha mwani waliouokota pwani, wakapanda viazi na shayiri. Karibu na matuta kuna magofu ya nyumba zao. Na si kwamba walikuwa wageni wa jana. Pale Kinloch wanaakiolojia wamefukua makazi ya wawindaji wa miaka 9,000 hivi iliyopita, miongoni mwa ya kale kabisa yaliyogunduliwa Uskoti, pamoja na vifaa vya jiwe la kijani lenye madoa mekundu linalotoka kwenye kilima kimoja cha magharibi ya kisiwa. Mwishoni mwa karne ya 18 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 400 waliozungumza Kigaeli. Tarehe 11 Julai 1826, wapatao 300 kati yao walipakiwa kwenye meli mbili, Highland Lad na Dove of Harmony, wakapelekwa Cape Breton, Kanada. Wengine wapatao 50 waliwafuata mwaka 1828. Mwenye ardhi, wa ukoo wa Maclean wa kisiwa cha Coll, alitaka kondoo, kwa kuwa kondoo walilipa kuliko wapangaji. Uskoti ya kaskazini nzima ilipitia kufukuzwa kwa namna hii, ila ni sehemu chache zilizofagiwa kwa ukamilifu kama Rum. Hapo ndipo pori lilipoanza.

Yaliyofuata yanatosha kumwondolea mtu dhana kwamba ardhi isiyo na watu hujiponya yenyewe. Biashara ya kondoo iliyumba. Mwaka 1845 kisiwa kilinunuliwa na Markizi wa Salisbury ili kiwe uwanja wa kuwinda, na kwa kuwa kulungu wa asili walikuwa wamekwisha tangu karne iliyotangulia, ilibidi waletwe wengine. (Mwanawe ndiye Lord Salisbury, waziri mkuu ambaye serikali yake ilikubaliana na Wajerumani mwaka 1890, Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mabwana waliokata ardhi kwetu walikuwa na mazoea ya kuikata kwao.) Mwaka 1888 zamu ikaja kwa John Bullough, tajiri wa mashine za nguo kutoka Lancashire, na mwanawe George akajenga Kinloch kasri la mawe mekundu lenye umeme wake mwenyewe, na ndani yake kinanda kikubwa kinachojipiga kwa mitambo. Wageni wasioalikwa hawakutakiwa, hata Rum kikapewa sifa ya kisiwa cha mwiko. Ndani ya utulivu huo ndimo tai wa baharini, ndugu wa furukombe wetu, alimomalizikia, mwanzoni mwa karne ya 20. Hakufukuzwa na umati. Watu wa kisiwa walikuwa wachache mno, ila wachache hao walikuwa na bunduki.

Mwaka 1957 familia ya Bullough ilikiuza kisiwa kwa idara ya serikali ya uhifadhi, na kazi iliyofanyika tangu hapo inastahili heshima ya kweli. Kati ya 1975 na 1985 makinda 82 ya tai wa baharini yaliletwa kutoka Norwe, yakalelewa kwenye vizimba Rum na kuachiliwa. Vizazi vyao sasa vinaruka pwani yote ya magharibi ya Uskoti. Upande wa kaskazini, Kilmory, kulungu wekundu wamechunguzwa tangu 1953, hata kabla ya kisiwa kuuzwa, na sasa kila mmoja anajulikana kwa sura, mama yake na ukoo wake. Msomaji aliyezoea swala na mbawala akumbuke tofauti moja: dume wa kulungu huyu huangusha pembe zake zote kila mwaka majira ya kuchipua, akaotesha mpya zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya, na hufika Oktoba zikiwa tayari kwa vita vya kugombea majike. Uchunguzi huo umeonyesha kwamba majike wenye hadhi kubwa kundini huzaa madume zaidi ya wenzao, na kwamba tarehe ya kuzaa imekuwa ikija mapema zaidi kwa takribani siku tatu kila muongo tangu miaka ya 1980, sambamba na joto kuongezeka. Lipo pia jambo linaloshtua: kulungu wa Rum wameonekana wakiwang'ata vichwa na miguu makinda wa wale ndege wa milimani ili wapate madini ya mifupa. Mla nyasi hageuki mla nyama bila sababu. Ardhi yenyewe ina njaa. Na kulungu wa Kilmory hupenda kulisha wapi? Kwenye nyasi fupi za kijani karibu na ufuo, penye mchanga wa makombe, mahali kilipokuwa kijiji.

Kuna watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema kwamba vyovyote watu walivyoondolewa, matokeo yake ni hazina: pasingekuwa na ukiwa, utafiti wa miaka 70 usingewezekana, na tai wangekosa pa kuachiliwa. Lakini tazama mpangilio wa miaka. Watu waliondoka 1826. Uhifadhi ulianza 1957. Katika miaka 131 iliyo katikati, ukiwa uliwanufaisha kondoo na wawindaji, na ukampoteza tai. Kilichookoa viumbe ni uamuzi, fedha na uangalizi wa watu, na vitu hivyo havikuhitaji meli za Cape Breton. Wengine watasema tuyaache ya kale, ila tusiruhusu makazi kupanuka sasa, kwa kuwa panya tayari wapo kisiwani, na taa za usiku huwachanganya makinda wa ndege wa milimani wanaporuka mara ya kwanza mwezi Septemba, wakaanguka penye mwanga badala ya kufika baharini. Hilo ni kweli. Lakini taa huzibwa na kuelekezwa chini, na mashimo ya ndege yako juu milimani, mbali na nyumba za Kinloch. Ardhi ya kijiji hicho ilianza kukabidhiwa jumuiya ya wakaaji mwaka 2009, na baadaye zikajengwa nyumba chache mpya kwa ajili ya familia. Kuziona nyumba hizo kama uvamizi wa pori ni kusahau nani alitangulia.

Ushahidi ulio karibu kabisa na mgeni ni mahali atakapolala. Nje ya Kinloch, mwenye kuzunguka Rum kwa miguu hana ila vibanda viwili, Dibidil kusini-mashariki na Guirdil kaskazini-magharibi. Waskoti huita kibanda cha namna hii bothi. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba viwili hivi, mlango usiofungwa kwa ufunguo, meko, na jukwaa la mbao la kutandikia mfuko wa kulalia. Umeme hakuna, bomba hakuna, choo ni sepetu na umbali wa kutosha kutoka kwenye kijito. Hakuna malipo wala kuandikisha nafasi. Kuna daftari ambamo kila mpitaji huandika jina lake na hali ya hewa iliyomkuta. Chama cha kujitolea kilichoundwa mwaka 1965 hutunza vibanda kama hivi vipatavyo 100 Uingereza, vingi vikiwa mali ya watu wengine, kwa makubaliano kwamba kila mmoja ataondoka na taka zake na kumwachia ajaye kuni kavu kidogo. Majira ya joto visubi humng'ata mtu hadi ajutie kufungua dirisha, na kukiwa na mvua, vijito vya njiani hujaa hata visivukike. Mtu anayefika hapo amelowa huona mlango huo ni neema tupu. Ila Dibidil kilijengwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mchungaji wa kondoo wale wale waliochukua mahali pa wanakijiji. Na Guirdil kinatazama ghuba yenye changarawe, chini ya kilima cha lile jiwe la kijani; hatua chache kutoka mlangoni, kuta za nyumba za kabla ya 1826 bado zinafika kiunoni, na kulungu huja jioni kulisha ndani yake.