Vidonda vya tumbo: Usikisie, kamera hufichua

ANAYEUMWA chini ya chembe cha moyo mara nyingi hujiamulia kuwa ana vidonda vya tumbo, akaelekea duka la dawa kununua tembe za kupunguza asidi. Maumivu hutulia, kisha hurejea. Hatari ni kwamba huenda anachokituliza si kidonda, kwani tembe hizo zaweza kuficha kwa muda hata dalili za saratani ya tumbo.

Kidonda cha tumbo ni jeraha katika utando wa ndani wa tumbo, au wa mwanzo wa utumbo mwembamba. Hutokea kinga ya utando huo inapodhoofika, nayo asidi inayosaga chakula ikaushambulia.

Kwa miaka mingi lawama zilielekezewa pilipili na mawazo mengi. Hata hivyo, mnamo 1982, Barry Marshall na Robin Warren, mjini Perth, Australia, walifaulu kukuza bakteria aina ya Helicobacter pylori kutoka tumboni mwa wagonjwa. Ugunduzi huo uliwatunukia tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Chanzo kingine kikuu ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Pilipili yaweza kuchochea maumivu, lakini haichimbi kidonda.

Je, daktari atajuaje? Katika kipimo cha endoskopia, mgonjwa ambaye hajala kwa saa sita hadi nane hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, na pengine kudungwa ya kumtuliza. Mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera, huteremshwa kupitia umio hadi mwanzo wa utumbo. Shughuli yenyewe huchukua dakika chache.

Kamera huonyesha mahali kilipo kidonda, ukubwa wake na iwapo kinavuja damu, ambayo daktari aweza kuizuia papo hapo. Aidha, hukata vipande vidogo vya utando vya kupimwa bakteria na saratani. Hapo ndipo hugunduliwa pia saratani ya umio, mojawapo ya zile zinazowaua Wakenya wengi zaidi.

Si kila mgonjwa anayehitaji kamera. Kijana asiye na dalili za hatari aweza kupimwa bakteria hao kupitia kinyesi au pumzi, na akipatikana nao, hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Ni sharti amalize dozi.

Lakini anayetapika damu au kwenda choo cheusi kama lami akimbizwe hospitalini mara moja. Naye anayekonda bila sababu, anayekwama chakula kooni au aliyepungukiwa damu asicheleweshe kipimo hiki. Mficha maradhi, wahenga walinena, kifo humuumbua.