Eksozi ya pikapu kuukuu: moshi unatokea wapi?

Bomba la moshi la pikapu ya zamani likishaoza, mwenye gari hufika kwa fundi na swali moja: tuweke inchi ngapi? Kwa injini ya kawaida ya petroli ya lita 2.4, kama ile ya Toyota Hilux za miaka ya 1980, inchi 2 mpaka 2¼ zinatosha. Inchi 3 huongeza kelele kuliko nguvu, ingawa vijana hawapendi kuambiwa hivyo. Fedha hiyo afadhali inunue kona zisizobonyea.

Kwa gari linalobeba watoto, kubwa zaidi ni bomba linapoishia. Wapo mafundi wanaolikata chini ya bodi ili kuokoa chuma. Moshi hujikusanya hapo, ukapenya matundu ya kutu hadi ndani ya kebini. Umebeba kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima.

Bomba livuke ekseli ya nyuma, litoke nje kabisa ya bodi. Pikapu yenye kanopi ni ya kuogopwa zaidi: mlango wa nyuma ukiwa wazi, gari likiwa mwendoni huvuta moshi wake lenyewe. Watoto wasipandishwe huko. Wakilalamika kuumwa kichwa au kichefuchefu safarini, usiseme ni joto tu. Simamisha gari, zima injini, wateremshe wapate hewa safi, kisha wapelekwe hospitali kwa usafiri mwingine.