Kupanga Tasnifu juu ya Faragha ya Nyumba Yenye Vyombo Visikivu

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa shahada ya uzamili awezavyo kupanga tasnifu ya Kiswahili juu ya faragha katika nyumba zenye kamera, spika na kufuli zilizounganishwa na intaneti. Huenda msomaji akauliza mada hii imeingiaje katika idara ya lugha. Imeingia kwa sababu kikwazo chake cha kwanza ni cha lugha.

Neno faragha limetokana na Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya utupu au nafasi iliyo wazi. Katika Kiswahili cha kila siku ni jambo la mahali na wakati: watu huzungumza faraghani, kisha hurudi barazani. Sheria imelipanua mno. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda mtu asipekuliwe nyumbani kwake. Kinamlinda pia zisifichuliwe bila sababu habari za jamaa yake, wala yasiingiliwe mawasiliano yake. Basi mtafiti akimwuliza mama mwenye nyumba, "Je, una faragha hapa kwako?", mama atafikiria pazia na mlango, ilhali mtafiti anafikiria sauti iliyosafirishwa hadi kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Majibu mia ya namna hiyo hayafai kitu, hata yakipangwa katika majedwali ya kupendeza.

Hapa ndipo nadharia inapohitajika, wala si kwa kujaza sura ya pili. Helen Nissenbaum, katika kitabu chake Privacy in Context cha 2010, anashauri tuchunguze kama habari inapita ipasavyo: inamhusu nani, nani anaitoa, nani anaipokea, ni ya aina gani, na kwa sharti gani. Uzuri wa nadharia hii ni kwamba yaweza kugeuzwa kuwa maswali ya Kiswahili chepesi bila kulitaja neno faragha hata mara moja. Kwa mfano: "Kamera ikimwona yaya akilia jikoni, nani anastahili kuonyeshwa picha hiyo?"

Nimemtaja yaya kwa makusudi. "Nyumba za kisasa" si mada, ni bahari. (Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, msimamizi wangu alinirudishia pendekezo kwa kuwa nilikuwa nimeandika "jamii" bila kusema ni akina nani.) Mwenye nyumba ndiye aliyenunua chombo na ndiye mwenye neno la siri, yaya ndiye anayetazamwa kutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 51, inaziachilia shughuli za mtu zilizo za binafsi au za nyumbani tu. Je, kumrekodi mtu uliyemwajiri ni shughuli ya nyumbani tu? Mwezi wa Desemba 2014, katika kesi ya Ryneš, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayotazama njia ya umma haimo katika msamaha wa namna hiyo. Lakini kesi hiyo ilihusu njia ya nje, si jikoni. Swali la jikoni latosha tasnifu nzima.

Likikubaliwa, ridhaa ya mwajiri haiwezi kuwa ridhaa ya yaya. Nimewahi kusoma pendekezo ambalo mahojiano yote yangefanyika sebuleni, mbele ya kamera ileile iliyokuwa ikichunguzwa! Yaya ahojiwe nje ya nyumba hiyo, siku yake ya mapumziko, na jina lake lisiandikwe popote. Kibali cha NACOSTI kiombwe mapema, maana bila hicho kazi ya uwandani haianzi.

Katika uchanganuzi, mwanafunzi avitazame vitenzi. Mmoja aweza kusema kamera inamlinda, mwingine inamchunga, mwingine inamchungulia. Anayechungwa hutunzwa, lakini pia huzuiwa kama mifugo; anayechunguliwa hutazamwa kwa kuibiwa. Kila kitenzi kinukuliwe kama kilivyotamkwa, kisifasiriwe kuwa "ukosefu wa faragha" kwa ajili ya kuwaridhisha watahini.