"Nimekuuzia mpunga": pesa ni za nani?

Msimu wa mavuno, mambo mengi ya bonde la Kilombero hupita kwenye meseji. Mwenye shamba yuko Ifakara mjini, mpunga uko Mlimba, vibarua wanasubiri malipo. Basi leo tuzungumzie kile kisilabi kinachokaa ndani ya kitenzi na kuonyesha nani ametendewa. Walimu wanakiita kiambishi cha mtendwa. Katika "nimemlipa" ni "m", katika "umenilipa" ni "ni", katika "nimekulipa" ni "ku". Tunakitumia tangu utotoni bila kukifikiria, lakini kinapoingia kwenye pesa kinaweza kugombanisha ndugu.

Umepokea meseji: "Nimekuuzia mpunga magunia kumi." Hapo pana maana mbili. Huenda wewe ndiye mnunuzi, kwa hiyo magunia ni yako na pesa unadaiwa. Au mpunga ulikuwa wako, mwenzako amekusaidia kuuuza, na pesa unamdai yeye. Neno ni lile lile! Hiyo "ku" inasema jambo limekufikia wewe. Haisemi kama umeuziwa kitu au umefanyiwa kazi. Mwandishi angeongeza kidogo tu: "Nimekuuzia mpunga wako, pesa ninayo." Kama wewe ndiye mnunuzi, aandike: "Umenunua kwangu magunia kumi, nasubiri pesa."

Kisilabi kingine cha kuangalia ni "wa". Msimamizi anawaandikia vibarua: "Nimewalipa." Ninyi mnaosoma, au wale wa shamba la pili? "Wa" inabeba wote. Ndiyo maana wapo wanaosema "nimewalipeni" au "nimekulipeni". Ile "ni" ya mwisho inaonyesha ni ninyi. Kwenye pesa, sisi tungeitumia bila aibu, hata kama mwingine ataona ni maneno ya wazee.

Halafu kuna suala la nafasi. Kitenzi cha Kiswahili kina kiti kimoja tu cha mtendwa. Ukimpa mtu mpunga, unasema "nimempa". Mtu amekaa kwenye kiti, mpunga umebaki nje. Huwezi kusema "nimeumpa". Wahispania wao wanaviweka vyote viwili: "se lo di", yaani "se" ni yule mtu, "lo" ni kile kitu, na "di" ni nilitoa. Wala si lazima twende mbali hivyo, kwani Kihaya cha Bukoba na Kichaga cha Vunjo navyo hubeba zaidi ya kimoja. Kwa Kiswahili, ukiandika "tayari nimempa", kitu kilichotolewa hakimo kabisa. Ni magunia, pesa, au ufunguo wa ghala? Kitaje.

Na usidharau herufi moja. "Nimeuza mpunga" ni mpunga wowote. "Nimeuuza mpunga", kwa "u" mbili, kwa kawaida ni ule tuliokwisha kuuzungumzia, labda ule uliosema usiguswe mpaka bei ipande. Ukipokea meseji ya namna hiyo, piga simu kwanza kabla hujakasirika, maana vidole navyo hukosea.

Wasikilizaji wetu mnaozungumza Kindamba na Kipogoro, hebu tuandikieni: kwenu "nimekuuzia" inasemwaje, na inabeba maana moja au mbili?