Bima Inapokataa Matibabu: Haki ya Mgonjwa

Mgonjwa wa Ngara au Biharamulo apewapo rufaa ya Bugando, Mwanza, safari pekee ni mzigo. Bima ikikataa kumlipia, mzigo huwa msalaba. Tukumbuke kwamba bima ni mkataba. Yaliyoachwa nje yake hayadaiwi. Yaliyomo yakikataliwa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humpa aliyeumizwa haki ya fidia. Basi tuombe sababu kwa maandishi, tutunze risiti na barua ya rufaa. Kampuni ya bima isiposikia, tumwendee Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, au mahakama. Katika Mathayo 25 Kristo yumo ndani ya mgonjwa; kumtetea ni kumhudumia Yeye.