Nani Amlipe Mkaguzi wa Lifti?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuikumbuki mpaka siku kitu kinapoanguka. Nayo ni kazi ya kukagua lifti za maghorofa, na zile bembea kubwa za mitambo zinazofungwa viwanjani siku za sikukuu. Sheria husema vikaguliwe. Lakini fedha za kumlipa mkaguzi zitoke wapi? Hapo ndipo maneno huanza.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Lifti haining'inii kwa kamba moja kama ndoo ya kisimani. Inashikwa na kamba kadhaa za chuma, upande wa pili kuna uzito wa kuisawazisha, na chumba chake kina breki zinazong'ata reli kikishuka kwa kasi kupita kiasi. Breki hizo si jambo geni. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watu mjini New York, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likashika palepale. Kwa hiyo mkaguzi wa kweli haji kuchungulia kamba na kugonga muhuri. Anazijaribu breki, milango na swichi za kusimamisha, na anapanda mpaka chumba cha mota. Kazi hiyo inakula saa, na saa za fundi mwenye ujuzi ni fedha.

Njia iliyo rahisi kwa serikali ni kumwambia mwenye mtambo: tafuta mkaguzi wako, umlipe mwenyewe. Marekani, ambako tangu mwaka 1981 tume ya taifa ya usalama wa bidhaa iliondolewa mamlaka juu ya mitambo ya bustani za kudumu, kila jimbo lina utaratibu wake. Jimbo la Kansas liliruhusu wenye bustani kutumia wakaguzi binafsi, na kazi ya serikali ikawa zaidi kupekua makaratasi yao. Tarehe 7 Agosti 2016, mtoto wa miaka 10 aliuawa kwenye mtelezo wa maji wenye kimo cha zaidi ya meta 50 katika bustani moja ya Kansas City. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaikaza sheria. Siwatuhumu wakaguzi binafsi wote, wamo waungwana wengi. Lakini mtu ambaye mwakani unaweza kumwacha na kumchukua mwingine asiye na maswali, huyo si mkaguzi wako. Ni mgeni wako.

Basi serikali itume watu wake? Ndivyo walivyofanya Ohio. Huko bembea hukaguliwa na Idara ya Kilimo, na msomaji asicheke, na ndiyo inayokagua hata zile za maonyesho ya jimbo, ambayo ni kama Sabasaba yetu. Tarehe 26 Julai 2017, siku ya ufunguzi, bembea iitwayo Fire Ball ilikatika ikizunguka. Kijana wa miaka 18 alikufa na watu 7 wakajeruhiwa. Wakaguzi wa jimbo walikuwa wameipitisha. Kiwanda cha Uholanzi kilichoitengeneza kilieleza baadaye kwamba kutu ilikuwa imeila boriti kwa ndani, mwaka hata mwaka, mpaka ukuta wake ukawa mwembamba. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri. Mtambo ulikuwa na umri wa miaka 18, sawa na marehemu.

Habari hiyo inanifikirisha kuliko ile ya Kansas. Mshahara wa serikali unamwondolea mkaguzi hofu ya mwenye mtambo, lakini haumpi macho ya kuona ndani ya chuma. Hapo panatakiwa kifaa cha kupimia unene, kumbukumbu za matengenezo, na muda wa kukagua bila kusukumwa na foleni ya watoto waliokwisha kukata tiketi. Vyote hivyo ni gharama, na bajeti ikibana, gharama za namna hii ndizo hukatwa mwanzo, maana ajali ambayo haikutokea haina picha gazetini.

North Carolina wenye lifti hulipa ada ya ukaguzi kwa idara ya kazi ya jimbo. Kwa miaka mingi, kila cheti cha lifti kilikuwa na picha ya kamishna Cherie Berry, mpaka wananchi wakawa wanamjua kuliko wakuu wengine. Wengine walisema ni kampeni ya bure, na sidhani walikosea sana. Hata hivyo abiria alijua jina la kumwuliza.

Mimi naona ada ni haki, kwani mwenye ghorofa anayepokea kodi ya pango ndiye anayefaidi lifti. Ila kiwango kiwekwe na sheria, fedha ziende kwenye mfuko wa ukaguzi tu, na mkaguzi apate mshahara uleule akipitisha au akikataa. Ofisi inayoishi kwa idadi ya vyeti itatoa vyeti vingi.

Hapa Tanzania kazi hii ni ya OSHA, wakala ulioanzishwa mwaka 2001 na kupewa nguvu na sheria ya mwaka 2003. Novemba 2022 lifti ya jengo refu la Makumbusho, Dar es Salaam, iliporomoka na abiria ndani, watu wakajeruhiwa. Wakati huohuo waajiri wamelalamikia wingi wa ada, na Serikali ilikwisha kufuta baadhi yake. Malalamiko hayo yana msingi. Ila siku wizara inayoshughulikia kazi inaposoma bajeti yake, mbunge wa mjini angeuliza: pengo la ada zilizofutwa limezibwa kwa fungu gani, na ni wakaguzi wangapi wenye ujuzi wa lifti walioko kazini Dar es Salaam leo?