Benchi la kukunja: nani alilianza, nani alilipwa

WAUZAJI wa vifaa vya useremala wanalifahamu benchi dogo la kukunja lenye miguu ya chuma na mbao mbili juu, ambalo fundi hulibeba mkononi hadi penye kazi. Siku hizi linatengenezwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa majina mengi. Hata hivyo, ulikuwapo wakati ambapo haki ya kulitengeneza ilikuwa ya mtu mmoja tu, na kampuni iliyokuja kuvuna zaidi kutokana nalo ilikuwa imelikataa mwanzoni.

Mtu huyo ni Ron Hickman, aliyezaliwa mwaka 1932 katika mji wa Greytown, Natal, nchini Afrika Kusini. Alihamia Uingereza, akafanya kazi katika kampuni ya Ford na baadaye Lotus, ambako alisanifu gari la Lotus Elan lililotoka mwaka 1962. Useremala aliufanya nyumbani tu. Mwaka 1961, akitengeneza kabati la nguo, alitumia kiti cha bei kubwa kutoka Sweden kama benchi la kukatia mbao. Msumeno ulipita ubao ukakata na kiti. Baada ya hasara hiyo Bw. Hickman alianza kutafuta benchi litakaloshika ubao imara na kisha likunjwe na kuwekwa kando.

Nini kilikuwa kipya?

Alichofanya ni kuugeuza uso wote wa benchi kuwa jiliwa. Ubao mmoja umetulia, na wa pili husogezwa na skrubu mbili, moja kila upande. Kila skrubu huzungushwa peke yake, hivyo benchi hushika hata kipande kilicho kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Miguu nayo hukunjwa.

Je, alikuwa wa kwanza? Kwa kila kipande peke yake, hapana. Joseph Moxon wa London, aliyeanza kuchapisha vitabu vyake vya ufundi mnamo mwaka 1678, alionyesha jiliwa ya skrubu mbili karibu miaka 300 kabla ya Hickman. Katika miaka ya karibuni maseremala wa Marekani na Ulaya wameirudia jiliwa ya namna hiyo, ambayo hubebwa na kufungwa juu ya meza yoyote, na wanaiita kwa jina la Moxon. Lakini Moxon alikuwa mchapishaji na mtengenezaji wa ramani, wala hakuwa seremala. Jina lake limebaki kwenye kifaa hicho kwa sababu alikiandika.

Sheria ya hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, haidai kwamba kila kipande kiwe kipya. Inauliza kama muungano wa vipande hivyo ni mpya, na kama fundi wa kawaida asingeufikia kwa urahisi. Hapo ndipo Bw. Hickman alipopata nafasi yake.

Makampuni yalikataa

Alipolipeleka benchi lake kwa watengenezaji wa vifaa, alikataliwa. Kampuni ya Stanley ilimwambia kwamba yatauzwa makumi, si mamia. Black & Decker nayo ilikataa. Mwaka 1968 akaanza kuliuza mwenyewe, akilitembeza katika maonyesho ya biashara ambako wanunuzi walilishika na kulijaribu kwa mikono yao.

Mauzo hayo yaliibadili nia Black & Decker. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilichukua leseni na kuanza kulitengeneza kwa jina la Workmate. Kufikia mwaka 1981 yalikuwa yameuzwa mabenchi milioni 10, na Bw. Hickman alipofariki dunia Februari 2011 idadi ilitajwa kuwa karibu milioni 30. Yeye aliishika hataza akalipwa mrabaha kwa mauzo. Aidha, aliilinda: kesi yake dhidi ya mwigaji mmoja nchini Uingereza imo katika taarifa za sheria za mwaka 1983. Hataza isiyopiganiwa mahakamani haimzuii mwigaji.

Muda ukiisha

Hataza ina mwisho. Ile aliyopewa Marekani mwaka 1971 ilikuwa na muda wa miaka 17 kwa sheria ya wakati huo, yaani hadi mwaka 1988. Baada ya hapo kiwanda chochote kiliweza kutengeneza benchi la namna ile. Jina la Workmate, hata hivyo, ni alama ya biashara, na alama huweza kuhuishwa tena na tena. Mwaka 2010 Stanley iliungana na Black & Decker, hivyo benchi ililolikataa sasa limo katika bidhaa zake.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni hii. Kuagiza benchi linalofanana na lile la mwanzo si kosa, lakini kulibandika jina la mwenzio ni kosa. Maboresho mapya yaweza kuwa na hataza yake, hivyo inafaa kuuliza kabla ya kuagiza shehena.

Kwa fundi wa Afrika Mashariki aliyebuni kitu, hataza hulinda pale tu iliposajiliwa. Kupitia ARIPO, shirika lenye makao Harare, ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Ombi litangulie maonyesho: kifaa kilichokwisha kuonyeshwa hadharani huweza kukosa sifa ya kuwa kipya, na jirani mwenye mtaji akakitengeneza bila kulipa hata senti.

Kwa mwekezaji anayeombwa fedha na mtu mwenye uvumbuzi, maswali ya kuuliza kwanza ni mawili: hataza imesajiliwa nchi zipi, na imebakiza miaka mingapi? Mrabaha ni mapato mazuri, lakini tarehe yake ya mwisho inajulikana tangu siku ya kwanza.